Miezi 14 na tangi linalozunguka: chembe zinaendaje pale chini kabisa ya maji

Nimemaliza uzamili mwezi uliopita na kabla sijasahau ngoja niandike, maana katika miezi 14 niliyokaa na lile tangi data nilizotumia kwenye tasnifu zimetoka wiki 3 za mwisho tu, kabla ya hapo ni makosa juu ya makosa, na mengi kati ya hayo mtu angeniambia mapema ningeokoa hela na usingizi. Kwa hiyo hii ni kwa yeyote anayetaka kufanya majaribio ya maji yanayozunguka huku hana maabara kubwa, yuko Dar au Mwanza au popote, ana fundi na ana simu.

Swali langu lilikuwa dogo kwa kulitamka. Maji yanazunguka ndani ya tangi, chini kuna chembe ndogo za mchanga au plastiki, je zinaelekea wapi, katikati, pembeni, au zinazunguka tu na maji? Jibu lote liko kwenye kitu kinaitwa tabaka la mpaka. Maji yanayogusa sakafu ya tangi yananata pale pale, hayaendi popote bila sakafu, halafu ukipanda juu kidogo yanaanza kuwa huru, na hiyo sehemu ya kati ya kunata na kuwa huru ndio tabaka lenyewe. Kwenye maji ambayo hayazunguki hilo tabaka linazidi kunenepa kadiri muda unavyoenda, ila mzunguko ukiwepo linagoma kunenepa, linabaki na unene wake na unaweza kuupiga hesabu: chukua mnato wa maji gawanya kwa kasi ya mzunguko halafu toa kipeuo cha pili. Meza yangu ilikuwa inazunguka mara 10 kwa dakika, ukipiga hesabu unapata milimita 1. Tangi lina kipenyo cha sentimita 40, maji kina sentimita 15, na kila kitu nilichokuwa nakitafuta kinaamuliwa ndani ya milimita moja ya chini kabisa.

Nilikuwa nimeisoma hiyo milimita 1, nimeiandika hata kwenye pendekezo la utafiti, lakini mikononi sikuiamini, na karibu kila kosa nililofanya linarudi hapo.

Nianze na ujenzi. Meza ya kuzunguka ya kununua nje ya nchi nilivyoona bei nikafunga kompyuta. Nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar, kwa fundi mmoja mtu mzima sana, kazi yake kukereza vyuma, nikamchorea kwenye daftari, akanitazama akasema binti hiki ni kiti cha mfinyanzi tu kasoro umeme. Akanitengenezea sahani ya chuma juu ya beringi mbili, mkanda wa mpira, na mota ya waipa ya gari iliyotumika. Tangi la akriliki nikalipata kwa mafundi wa mabango Kariakoo, hao ndio wanajua kukunja akriliki, usihangaike na fundi vioo. Jumla ya kila kitu mpaka mwisho, nimeandika kwenye daftari: meza 280,000, tangi 190,000, mota 35,000, betri ya gari iliyotumika 90,000, chembe za plastiki kutoka nje 410,000, pawasaplai 130,000, Arduino (kibao kidogo cha kielektroniki cha kurekodi vipimo) na sensa yake 45,000. Hiyo ni 1,180,000 bila bodaboda, na bajeti niliyopewa ilikuwa 400,000. Iliyobaki nimetoa mfukoni na sehemu ni hela ya mama, na mpaka leo nikiitazama ile betri naumia kwa sababu ndio iliyoniharibia zaidi kuliko vitu vyote, ntafika huko.

Kosa la kwanza, chembe. Nilichukua mchanga wa ufukweni, nikauosha, nikauanika, nikaumwaga kwenye tangi. Punje zilikuwa mchanganyiko, nyingine nusu milimita nyingine milimita 2. Nikazungusha, nikabadilisha kasi kidogo kama vitabu vinavyosema, nikasubiri ziende katikati kwa mstari wa kujipinda kama konokono. Hazikwenda. Zile kubwa zikakaa tu, chache zikabingirika kufuata duara. Nikarudia, nikarudia, miezi miwili, nikabadilisha kasi, nikabadilisha kina cha maji, nikaanza kuamini meza ya fundi ni mbovu na kuna siku nilimpigia simu nikamwongelesha vibaya, kitu ambacho bado nakijutia maana meza haikuwa na tatizo.

Tatizo ni hili. Ndani ya lile tabaka, ambalo kwenye maji yanayozunguka linaitwa tabaka la Ekman, maji hayaendi uelekeo mmoja. Ukiwa juu ya tabaka maji yanakwenda kwa duara safi. Ukishuka karibu kabisa na sakafu uelekeo umejigeuza nyuzi 45 kuelekea ndani, na katikati ya hapo unajigeuza taratibu kama ngazi ya mzunguko. Msukumo wa kuelekea katikati una kilele chake kwenye urefu wa karibu milimita 0.8 kutoka chini kwa kasi ile yangu, na hapo unafika kama theluthi moja ya kasi ya maji ya juu, halafu ukipanda mpaka milimita 3 umeisha. Sasa wewe unaweka punje ya milimita 2, miguu iko kwenye maji yaliyogeuka, kichwa kiko kwenye maji yanayokwenda na duara, na juu ya hapo ni nzito, densiti yake ni mara 2.65 ya maji, msuguano na sakafu umeishikilia. Hiyo punje haiwezi kukuambia tabaka linafanya nini kwa sababu haimo ndani ya tabaka. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote piga hesabu ya unene wa tabaka, halafu tafuta chembe zisizozidi sehemu moja ya kumi ya unene huo. Kwangu ilikuwa milimita 0.1. Ningeanza na hesabu hiyo ya dakika mbili ningeokoa miezi miwili.

Nikaagiza chembe za polistirini za milimita 0.1, zikaletwa na mtu aliyekuwa anasafiri. Densiti yake ni 1.05, kwenye maji ya kawaida zinazama kwa karibu milimita 0.27 kwa sekunde, yaani kutoka juu mpaka chini sentimita 15 ni kama dakika 9. Ukitaka ziwe karibu kuelea unaweka chumvi kama asilimia 7, kwa lita zangu 19 ilikuwa kilo 1.4. Hapa kuna mambo ya jikoni ambayo hayapo kwenye makala za kisayansi: chumvi ya mezani inatia ukungu kwenye maji, ilaze usiku kucha halafu chota ya juu. Koroga mpaka uchoke, maana chumvi ikibaki nzito chini na nyepesi juu unakuwa na maji ya matabaka na yana tabia tofauti kabisa. Chembe kavu za plastiki zinakataa kulowa, zinaelea juu kama unga, weka tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kikombe, zilowanishe kwanza huko. Na maji ya bomba usiyatumie yakiwa mabichi, yakipata joto la chumba yanatoa vipovu vidogo vinavyoshika kwenye chembe na kuzinyanyua, nilishawahi kuandika kurasa nne kuhusu chembe "zinazopanda" kumbe ni vipovu.

Sasa betri. Hii ndio sehemu inayoniuma.

Nilipopata chembe nzuri nikaanza kuona kitu cha ajabu. Naizungusha meza mara 10 kwa dakika, siibadilishi kasi, naacha tu, na baada ya nusu saa chembe zote zimesogea kuelekea katikati, zenyewe. Nikarudia mara 11, mara zote 11 ikawa vilevile. Kwa nadharia maji yakishashika mzunguko wa tangi hakuna tofauti kati ya maji na sakafu, kwa hiyo hakuna tabaka, kwa hiyo chembe hazina sababu ya kwenda popote, hasa kuelekea ndani. Kama ni nguvu ya kuzirusha nje basi zingekwenda nje kwa kuwa ni nzito kuliko maji. Nikaamini nimegundua kitu kipya. Sikulala siku mbili, nikaandika kurasa 20, nikaandaa slaidi, nikamwambia mama kwenye simu kwamba mambo yamekaa vizuri.

Nikawasilisha mbele ya wenzangu na msimamizi. Dokta akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: mzunguko umeupima kila baada ya dakika ngapi? Nikamjibu nimeupima mwanzoni, kwa saa ya simu. Akasema basi rudi ukaupime mwisho.

Nikarudi jioni ile ile. Mwanzo 10. Baada ya nusu saa 9.5. Betri ilikuwa inashuka nguvu polepole na mota ya waipa inafuata betri, kwa hiyo meza yangu ilikuwa inapunguza mwendo muda wote, kidogo mno kwa jicho, lakini maji hayapungui mwendo papo hapo, yanachelewa kupunguza, yakiwa na kasi kubwa kidogo kuliko sakafu, na hiyo tofauti ndogo ikifanya kazi kwa nusu saa inatosha kabisa kuzivuta chembe kuelekea ndani. Ugunduzi wangu ulikuwa ni betri kuukuu. Nilikaa sakafuni pale maabara nikalia, si kwa aibu tu, ni kwamba nilikuwa nimeshazihesabu zile wiki kama zimekwisha na sasa zimerudi sifuri.

Kwa hiyo hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao. Pima mzunguko wa kila duara. Sumaku moja ndogo imegundishwa kwenye sahani, sensa pembeni, Arduino inaandika muda wa kila duara kwenye faili, shilingi 45,000 na jioni moja ya kazi. Na tumia pawasaplai inayoshikilia volti mahali pamoja. Chembe ndogo kwenye tabaka ni kipimo chenye ukali kuliko macho yako na kuliko saa yako, zitaona mabadiliko ambayo wewe huyaoni, kwa hiyo zikikuonyesha kitu cha ajabu mshuku kwanza mota, halafu meza, halafu chumba, nadharia iwe ya mwisho.

Nikisema chumba namaanisha. Ukiwasha AC hewa baridi inapooza uso wa maji, maji ya juu yanakuwa mazito yanazama, una mikondo ambayo hukuialika. Jua la dirishani likigonga upande mmoja ni vilevile. Na hewa yenyewe: tangi linazunguka lakini hewa ya chumbani imetulia, inaukwaruza uso wa maji na kuubakiza nyuma, kwa hiyo funika tangi kwa kipande cha akriliki kisichogusa maji. Ukikigusisha maji umetengeneza tabaka la pili huko juu na hesabu zako zote za muda zinabadilika.

Na meza iwe sawa. Fundi alikuja maabara na pima maji yake mfukoni, nikamsalimia kwa haya kwa sababu ya ile simu, akaitikia marahaba binti kama hakuna kilichotokea, akainama akaanza kuweka vipande vya bati chini ya miguu ya meza. Alinifundisha kuweka pima maji kwenye sahani, kusoma, kuizungusha sahani nusu duara, kusoma tena, maana sahani inaweza kuwa sawa na mhimili ukawa umelala. Mhimili ukilala hata nyuzi moja, maji yanajua: kwenye kila duara yanayumba mara moja, na kutikisika kwa namna hiyo kunaamsha mawimbi ya ndani ambayo yapo kwenye maji yanayozunguka tu, yanaitika kwa mtikisiko wowote ambao mwendo wake ni chini ya mara mbili ya mzunguko wa tangi. Yumba ya mara moja kwa duara iko katikati kabisa ya hapo. Kwa mwendo wangu wa 10 nguvu ya kurusha nje kwenye nusu ya njia ya kwenda ukingoni ni kama asilimia 1 tu ya uzito, mwinamo wa nyuzi moja ni karibu asilimia 2. Yaani mwinamo ambao jicho halioni una nguvu kuliko mzunguko wenyewe.

Kuhusu kusubiri. Nadharia inasema maji yanashika mzunguko mpya kwa muda ambao ni kina cha maji ukigawa kwa kipeuo cha pili cha zao la mnato na kasi. Kwangu ni sekunde 147, dakika mbili na nusu. Nilikuwa nasubiri dakika tatu naanza kurekodi. Ila huo muda ni wa kufika asilimia 63 ya safari tu, ukitaka asilimia 99 ni zaidi ya dakika 11, mimi mwisho nikawa nasubiri 20. Na hapa naomba mtulie kidogo kwa sababu hiki kitu kinanishangaza mpaka leo: kama lile tabaka lisingekuwepo, kama maji yangekuwa yanajifunza kuzunguka kwa mnato peke yake, safu ikiiburuta safu kutoka sakafuni mpaka juu sentimita 15, ingechukua zaidi ya saa 6. Tabaka la milimita moja linayafyonza maji ya juu, linayarusha pembeni, linayarudisha, na lita zote 19 zinashika mwendo kwa dakika. Uzi mwembamba wa chini unaliendesha tangi zima.

Wale walioona maonyesho ya Nanyuki pale Ikweta, maji yanamwagwa kwenye beseni hatua chache kaskazini yanazunguka hivi, hatua chache kusini yanazunguka vile, mimi pia nimeyaona na nilifurahi sana nikiwa sekondari. Ile si Coriolis, yaani si athari ya kuzunguka kwa dunia. Pale Ikweta athari yake ni sifuri na mita chache pembeni ni sifuri kwa vitendo, kinachoamua ni jinsi anavyomimina. Ascher Shapiro wa chuo cha MIT Marekani aliionyesha athari ya dunia kwenye tangi la kutoboa chini mwaka 1962, lakini tangi lilikuwa na kipenyo cha futi 6 na aliyalaza maji saa 24 kabla ya kuchomoa kizibo. Mimi nikaanza kulaza maji usiku kucha baada ya kusoma hiyo, nusu ya vurugu zangu zikaisha.

Sasa usiku wa mwezi wa tisa. Kila kitu kimekaa, pawasaplai mpya, kifuniko, meza sawa, chembe zimetawanyika chini kama nyota, dakika 18 za kusubiri zimekwisha, nikanyoosha mkono nipunguze kasi kidogo, umeme ukakatika. Giza. Meza ikasimama yenyewe taratibu. Nilitaka kulia tena. Nikawasha tochi ya simu nianze kutoa maji, nikamulika ndani, na chembe zilikuwa zinatembea. Zote, kutoka kila upande, kwa mistari iliyojipinda, zinakwenda katikati, zinasongamana, na baada ya dakika kama tano zikawa zimetengeneza kirundo kimoja cha duara katikati ya tangi, cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Nilisimama pale na tochi sijui muda gani. Mwaka mzima nilikuwa naitafuta hiyo picha.

Kesho yake nikaenda Gerezani kumsimulia fundi, alikuwa anakunywa chai ya rangi, majani yamo. Akanisikiliza, akakoroga kikombe kwa kijiko, akatoa kijiko, akanisogezea. Majani yakakusanyika katikati. Akasema hata kwenye ndoo ya maji ya kupozea chuma, vichuma vinavyotoka kwenye kukereza ukivikoroga vinakaa katikati, ndivyo anavyovichota siku zote, vyuma ni vizito vingetakiwa kwenda pembeni kwa hiyo alikuwa anajiuliza.

Sababu ni moja, na nilivyoieleza pale kwenye benchi lake ndio nilivyoielewa vizuri kuliko kwenye karatasi. Maji yanayozunguka yanataka kukimbilia nje, yanajazana ukingoni, kwa hiyo presha ya pembeni inakuwa kubwa kuliko ya katikati, na hizo nguvu mbili zinasawazishana. Tofauti hiyo ya presha inafika mpaka chini kabisa bila kupungua. Lakini maji ya chini kabisa yameshikwa na sakafu iliyosimama, hayazunguki vya kutosha kukimbilia nje, kwa hiyo presha inashinda, inayasukuma ndani, na yanabeba majani. James Thomson alishaieleza kwenye mito inayopinda mwaka 1876, na Einstein akaiandika kwa mfano wa kikombe cha chai mwaka 1926, akiitumia kueleza kwa nini mito inakula ukingo wa nje wa kona.

Na hapa ndipo wengi wanapochanganya, hata mimi kwenye rasimu ya kwanza nilichanganya. Uliza kwanza nani anazunguka zaidi, maji au sakafu. Maji yakiwa na kasi kuliko sakafu, kama chai, kama tangi langu umeme ulipokatika, kama ile betri iliyokuwa inachoka, chembe zinaingia ndani. Hiyo hali ya sakafu iliyosimama kabisa na maji yanazunguka juu yake aliichambua Bödewadt mwaka 1940. Sakafu ikiwa na kasi kuliko maji inakuwa kinyume, maji ya chini yanarushwa nje, na sahani inayozunguka kwenye maji yaliyotulia aliipigia hesabu von Kármán mwaka 1921. Ekman, mwanasayansi wa bahari wa Sweden ambaye tabaka lina jina lake, yuko katikati ya hao wawili, kila kitu kinazunguka na tofauti ni ndogo. Yeye alianzia juu ya bahari. Nansen, mpelelezi wa Norway, alikuwa ameona kwenye safari ya meli ya Fram ya 1893 hadi 1896 kwamba barafu haifuati upepo, inakwenda nyuzi 20 hadi 40 kulia kwake, na Ekman akachapisha jibu kamili mwaka 1905. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya upepo wa kusi ukivuma kando ya pwani ya Somalia usukume maji ya juu kwenda kulia, mbali na pwani, na maji baridi yapande kutoka chini. Kusini mwa Ikweta kama sisi inakwenda kushoto. Meza yangu inazunguka kinyume cha saa kama nusu ya kaskazini ya dunia, ukitaka ya kusini badilisha waya mbili za mota.

Baada ya usiku ule kazi ilikwenda. Nilikuwa napunguza kutoka 10 kwenda 9.5 tu, usipunguze zaidi. Nilijaribu kushuka ghafla kutoka 10 mpaka 5, nikaweka chini punje za pamanganeti, ile kemikali inayoyeyuka na kuacha rangi ya zambarau, ili kuona njia ya maji, na karibu na ukingo mistari ya zambarau ikavunjika ikawa mikunjo mikunjo, tabaka limeshakosa utulivu na nadharia ile rahisi haihusiki tena. Kwa tofauti ya 0.5 mistari inatoka safi. Nilipima pembe yake kwenye picha za simu iliyofungwa juu ya meza ikizunguka nayo, nikapata kati ya nyuzi 40 na 48, siku hiyo nilimtumia mama picha ingawa najua kwake ni mikwaruzo ya zambarau. Pamanganeti vaa glavu, vidole vyangu vilikuwa vya kahawia wiki nzima. Nikapandisha 9.5 kwenda 10, chembe zikatoka nje. Nikashusha, zikarudi. Za milimita 0.1 zilitii kila mara. Nikaweka na mchanga ule ule wa zamani pembeni yake kwa kulinganisha, haukusogea.

Simu usiiache na uzito wake upande mmoja, weka pawabenki upande wa pili isawazishe.

Juzi nilimpelekea fundi video. Aliitazama mara tatu, chembe zinaingia, zinatoka, zinaingia. Halafu akauliza, hiyo sakafu yako ni laini kama kioo, bahari chini si laini, ukibandika msasa pale chini zitakwenda vilevile? Nikamwambia sijajaribu. Akafungua droo akanipa kipande cha msasa namba 80, punje zake ni kama milimita 0.2, mara mbili ya chembe zangu. Nimeukata duara la sentimita 40 na silikoni inakauka tangu asubuhi.